Hiki Hakitahiniwi

Aprili iliyopita nilimpelekea mpwa wangu Kusadikika ya Shaaban Robert. Ni msichana wa miaka kumi na sita, na kwao ni nje kidogo ya Mutomo, kusini mwa Kitui, upande wa barabara ya kuelekea Ikutha. Alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akakigeuza, akasoma maneno ya jalada la nyuma, kisha akauliza, "Mjomba, hiki kinatahiniwa?" Nikamwambia hakitahiniwi, ni cha kusoma tu. Nilipopita kwao tena Agosti alinirudishia kitabu pamoja na daftari. Ndani ya daftari alikuwa ameandika kwa mwandiko wa kupendeza: maudhui, wahusika na sifa zao, mbinu za lugha, mafunzo. Kurasa sita zilizopigiwa mistari kwa rula. Nikamuuliza, "Na wewe mwenyewe ulipapenda wapi?" Akainamisha kichwa. Niliona anatafuta jibu linalotakiwa, na kwa kuwa hakulijua, alinyamaza.

Yeye ni wa kundi la kwanza la mtaala wa umilisi, lililoingia Gredi ya 10 Januari mwaka huu. Tuliahidiwa kwamba mtaala huo ungeyapunguza makali ya mtihani, na natumaini siku moja utayapunguza. Lakini swali lake ndilo nililouliza mimi enzi za 8-4-4, na ndilo wanalouliza wenzake wa Kyatune, Ikanga na Kanziko. Kitabu kikiingia mkononi, kwanza ujue kama kitakuja kwenye karatasi. Kama hakiji, cha nini?

Likizo ndefu inaanza, na nina jambo moja la kuwaambia wazazi na walimu wa huku kwetu. Novemba na Desemba hii, mpeni kijana angalau kitabu kimoja ambacho hakuna mtu mzima atakayemhoji juu yake.

Sisemi kwamba vitabu teule vya mtihani ni vibaya. Chozi la Heri ya Assumpta Matei inagusa watu waliofurushwa makwao, na hakuna Mkenya aliyepitia ghasia za mwaka 2008 ambaye haimhusu. Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ni kazi za watu wanaoijua lugha na wanaoijua nchi. Shida ni jinsi tunavyozisoma. Kijana anaanza na mwongozo kabla ya riwaya. Anakariri kwamba mhusika fulani ni mkakamavu na fulani ni mnafiki, anakariri na ukurasa wa kuthibitishia, kisha anaingia chumba cha mtihani na kuyamwaga yote. Nimekutana na vijana waliofanya vizuri katika fasihi ilhali riwaya yenyewe hawajaifungua. Waliotoka shuleni namna hiyo wako wengi hapa mjini, wana kazi, wana watoto, na tangu wamalize Kidato cha Nne hawajasoma kitabu chochote hadi mwisho. Siwalaumu. Tuliwafundisha kwamba kitabu ni deni, na deni likishalipwa mtu halirudii.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Bado utamsikia mzazi, kwa mapenzi kabisa, akitafuta mahali pa kumpeleka mtoto "asisahau." Namwelewa mzazi huyo. Amelipa karo kwa kuuza mbuzi, na anaogopa. Ila mtoto aliyesoma Januari hadi Oktoba hasahau kwa sababu ya wiki nane. Atakachokikosa katika wiki hizo, kama hatumpi, ni ile hali ya kusoma bila woga, na hiyo shule haina nafasi ya kumpa.

Sasa, asome nini?

Magazeti hutoa orodha za vitabu vya likizo karibu kila mwaka, na ukizisoma utaona mwandishi alikuwa akimfikiria kijana aliyejinyoosha kwenye kochi, mchana kutwa ni wake. Desemba ya Mutomo haiko hivyo. Mvua tunayoitegemea ni ya vuli, ile inayoanza kuelekea mwisho wa Oktoba. Ya masika hutuangusha mara kwa mara. Ndengu hukomaa kwa miezi miwili na kitu. Shule zinapofungwa, palizi iko mlangoni. Krismasi inawakuta watu wangali shambani. Januari, siku zilezile za kurudi shuleni, maganda ya ndengu yamekauka na kila mkono unatakiwa kuchuma kabla hayajapasuka. Kuna mbuzi wa kuchunga na mtama wa kulindwa dhidi ya ndege. Likizo ya Agosti nayo ni ya kiangazi: mitungi imepangwa msururu kwenye kioski cha maji au kando ya visima vya kuchimbwa mchangani mtoni, na punda wanangoja.

Kwa hiyo kabla sijatazama tuzo au jina la mwandishi, huwa najiuliza kama kitabu kinavumilia kukatizwa. Kijana wa huku atasoma kurasa nne, aitwe, aende, arudi baada ya saa tatu mikono ikinuka udongo, na akute hadithi inamngoja palepale alipoiacha.

Mimi nilisoma Siku Njema ya Ken Walibora kwenye foleni ya maji. Ilikuwa imechapishwa mwaka 1996, na nakala iliyonifikia ilikuwa imepita mikono mingi hata jalada halipo. Kijana anaondoka Tanga, anavuka mpaka kuingia Kenya, anamtafuta baba asiyemjua. Nilisoma nikiusukuma mtungi kwa mguu kila foleni iliposogea. Siku ya tatu nilifika mwisho nikagundua kwamba si mwisho: kurasa za nyuma zilikuwa zimenyofolewa. Nilijitungia miisho minne tofauti, nikaibeba hiyo minne kwa muda wa miaka mitatu, mpaka nilipokutana na nakala kamili mbali na nyumbani. Mwisho wa Walibora haukufanana na hata mmoja wa yangu. Nilikaa kitako nikausoma mara mbili. Alipofariki ghafla Aprili 2020 niliomboleza kama mtu aliyepotelewa na jirani. Riwaya hiyo bado naiweka ya kwanza. Inasomeka haraka, na msafiri wake anapitia taabu ambazo kijana wa miaka kumi na mitano anazihisi mwilini.

Ya pili kwangu ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960. Mtu amekutwa amekufa penye mzimu huko Unguja, na Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anaanza kuuliza maswali. Hadithi ya upelelezi inafaa sana maisha ya kukatizwa, kwa sababu ukiwa unapalilia bado unaendelea kuisoma kichwani: nani alikuwa wapi, nani alidanganya. Kiswahili chake ni cha Unguja, na kijana anayeota ndoto kwa Kikamba atakwama. Namshauri aruke. Neno asilolijua aliache lipite, akikutana nalo mara ya tano litakuwa limejieleza lenyewe. Kusoma riwaya na kamusi mkononi ni kazi ya darasani. Likizoni inaua hamu.

Mwenye siku mbili tu kabla ya kuanza kazi mpeni Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967 ya kitabu cha George Orwell. Mtoto aliyelima kwa maksai na kubeba maji kwa punda atamwelewa yule farasi mchapakazi kuliko mtoto wa mjini yeyote.

Anayependa kupigana na kitabu, na wapo, apewe Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, ya mwaka 2002. Ni ngumu. Mtu anaweza kuisoma nusu akaiweka kando mwaka mzima. Lakini Wamitila ni wa Ukambani, na kijana wa hapa ajue kwamba mmoja wa waandishi wanaokivuta Kiswahili mbali kuliko wote katika nchi hii ni mtu wa lugha ya mama kama yake.

Kuna moja nasita nayo, na nitaeleza kusita kwangu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania. Inasimulia msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali wa kupindukia, na yanayompata akishatoka chini ya mkono wa baba. Inamalizika vibaya sana. Nimesikia wazazi wakisema kitabu kama hicho kinafundisha ubaya. Kwa maoni yangu baba wengi wangefaidika wakikisoma kabla ya binti zao. Mwenye miaka kumi na saba anaweza kukihimili, mradi kuna mtu mzima nyumbani ambaye anaweza kumwendea akitaka kuzungumza. Akitaka yeye, si akiitwa kuhojiwa.

Na kuna Peponi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, na mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis akaitoa riwaya yake ya 1994 kwa Kiswahili. Mvulana wa miaka kumi na miwili, Yusuf, anawekwa rehani kwa tajiri kwa sababu ya deni la baba yake, kisha anaingia bara na msafara wa biashara. Naipendekeza kwa vijana wa Mutomo kwa sababu mahususi. Misafara hiyo haikuwa ya pwani peke yake. Wakamba wa Kitui walibeba pembe za ndovu kuteremka pwani miaka mingi kabla ya reli, na jina la mfanyabiashara Kivoi lilijulikana mpaka Mombasa. Tarehe 3 Desemba 1849, Johann Ludwig Krapf, mmisheni Mjerumani, akiwa mgeni wa Kivoi hapa Kitui, aliuona mlima wenye theluji, na jina aliloliandika alilisikia kwa Wakamba. Nchi yetu inaitwa kwa jina hilo. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa safarini kuelekea mto Tana, na Krapf akatoroka peke yake akirudi kwa kiu ya kuua. Alipofika penye maji hakuwa na chombo, akajaza ala ya darubini yake na mitutu ya bunduki. Nilipomsimulia mpwa wangu kisa hicho tukiwa karibu na mitungi yake, aliacha alichokuwa akifanya. Akauliza kiko kitabu gani. Kiko katika kitabu cha safari cha Krapf mwenyewe, cha karne ya 19. Riwaya ya vijana ya Kivoi, kwa Kiswahili au kwa Kikamba, ambayo ningemkabidhi pale pale, sikuwa nayo.

Hapo pananiuma. John Mbiti alizaliwa Mulango, karibu na mji wa Kitui, mwaka 1931. Ulimwengu unamjua kwa vitabu vyake vya dini na falsafa za Kiafrika. Lakini mwaka 1954, akiwa bado kijana, alitoa kitabu cha Kikamba kiitwacho Mutunga na Ngewa Yake, na mwaka 1966 mkusanyiko wake wa ngano za Wakamba ukachapishwa na Oxford kwa Kiingereza. Aliziandika hadithi ambazo bibi zetu walikuwa wakizisimulia jioni mahindi ya muthokoi yakichemka. Kabla yake, Gerhard Lindblom wa Sweden alikuwa amezikusanya nyingine Ukambani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na zikachapishwa kwao kuanzia mwaka 1928. Msomi akiwa Uppsala anaweza kuagiza hadithi za sungura na fisi wa Ukambani na kuletewa mezani. Msichana wa Mutomo anayezitaka hadithi hizo hizo hajui aanzie wapi. Mbiti alifariki mwaka 2019. Mchapishaji atakayekirudisha Mutunga na Ngewa Yake sokoni, kwa karatasi ya kawaida na bei ya chini, atakuwa ametutendea wema mkubwa, na ninaamini hatapata hasara.

Naamini hivyo kwa sababu ya David Maillu. Mzaliwa huyu wa Ukambani alianzisha kampuni yake, Comb Books, miaka ya 1970, na vitabu vyake vidogo vya kutia mfukoni vikasomwa na makarani, makondakta na mahausigeli, watu ambao wachapishaji wakubwa walisema hawasomi. My Dear Bottle ilitoka mwaka 1973, After 4:30 mwaka 1974. Tanzania ilivipiga marufuku. Sipendekezi After 4:30 kwa kijana. Ni ya watu wazima. Ninalolisisitiza ni umbo. Kitabu chembamba, chepesi, cha bei ambayo mtu anaweza kuitoa bila kwenda kwanza kushauriana na familia, kilimfikia msomaji. Leo riwaya mpya inagharimu kilo kadhaa za ndengu, na tangu Sheria ya VAT ya 2013 ilipotoza vitabu asilimia 16, serikali nayo inachukua fungu lake kabla mtoto hajafungua ukurasa wa kwanza. Ushuru huo sijawahi kuuelewa, na sitaacha kuupinga.

Wengine wataniambia niwaelekeze vijana maktaba. Huduma ya maktaba za taifa ilifungua matawi Kinyambu, Kithasyu na Mutyambua kule Makueni, na Kitui likawepo la Mwingi. Kutoka Mutomo kwenda Mwingi unapita Kitui mjini na kuendelea. Ni zaidi ya kilomita mia moja. Hiyo si safari ya kuazima riwaya.

Vitabu vilivyo karibu zaidi viko shuleni, na hapa ndipo ninapowaomba walimu wakuu wanisikilize. Kila Oktoba, katika shule nyingi nilizozitembelea kusini mwa Kitui, mwalimu wa zamu anahesabu vitabu, anavipanga kabatini, anafunga stoo kwa kufuli, na vitabu vinakaa gizani na mchwa hadi Januari. Kijana yuko nyumbani bila kitabu, kitabu kiko shuleni bila msomaji, kwa wiki nane, umbali wa kilomita mbili. Najua sababu. Wakaguzi wakija watauliza nakala kumi zimekwenda wapi, na mwalimu mkuu ndiye atakayejibu. Lakini hebu tuwaulize wakaguzi nao: nakala arobaini ambazo hazijawahi kufunguliwa zimemfaidi nani? Ningependa kuona bodi ya shule ikikaa na wazazi na kukubaliana, kwa maandishi, kwamba riwaya na hadithi fupi zitaazimwa likizoni, kila mtoto moja, na kwamba chache zitapotea, zitanyeshewa, zitatafunwa na mbuzi. Hizo zihesabiwe kama chaki. Hakuna anayeitwa kueleza chaki ilikokwenda.

Jambo jingine ni la nyumbani, na linawahusu zaidi wasichana. Wavulana nikiwauliza wanasoma saa ngapi, husema wakati wa kuchunga. Wasichana hucheka. Wao hakuna mbuzi wa kuwaficha. Wako karibu na jiko, na kila aliye karibu na jiko huitwa. Mama akimwona binti ameketi na kitabu kisicho cha shule, humwona hana kazi. Ningemwomba mama huyo saa moja tu baada ya chakula cha jioni, taa ya sola iwe ya binti na sufuria zioshwe na kaka yake. Simu nayo itapigania saa hiyo, najua. Sijaona simu ikishindwa kwa marufuku, ila nimeiona ikisahaulika kando ya mtu aliyefika mahali patamu.

Na akikiacha kitabu katikati, mwacheni. Mimi mtu mzima naacha vitabu kila mwezi na hakuna anayeniita mvivu. Akikirudia kilekile mara tatu, mwacheni pia.

Ile siku ya Agosti, baada ya lile daftari, nilimwachia mpwa wangu Mzimu wa Watu wa Kale kwa sharti moja: asiandike chochote. Alicheka kidogo, kama mtu asiyeamini. Wiki chache baadaye alinipigia kwa simu ya mama yake. Hakutaja maudhui. Alilalamika kwamba Najum, mwenzake Bwana Msa, ni mzito wa kuelewa. Kwamba yeye alishamjua muuaji mapema, na alikosea. Na kwamba kitabu sasa kiko kwa binti wa jirani, ambaye ameahidi kukirudisha na harudishi. Kisha akauliza kama huyo Bwana Msa ana kingine. Nikamwambia kipo, Kisima cha Giningi. Nimekifunga kwa gazeti, kitaondoka na basi la Ijumaa.